Anatafutwa Mzee Kigen wa Keringet

Section 58, Nakuru
6 Februari 2023

Kwako Khocha Jerry,

Salamu kwanza. Mama, dada yako, amesimama nyuma yangu na mwiko mkononi, ati niandike kwamba goti limepona, kwamba akina mama wa kanisa wamemchagua tena awe kiongozi wao, na kwamba wewe ni mtu wa ajabu sana, una simu lakini unataka barua. Nimemwambia mtu akishafanya kazi Posta haponi. Amecheka, kwa hivyo hapa nyumbani tuko sawa.

Sasa sikia! Nimepewa kipindi! Miaka miwili nimekuwa nikisoma matangazo ya vifo redioni, saa saba mchana, mpaka watu wakiniona sokoni wananiuliza leo ni nani ameenda. Sasa Bosi Ephantus amenipa dakika ishirini zangu mwenyewe kila Jumamosi, mara tu baada ya vifo. Amesikia ati Wamarekani Weusi wana mwezi wao wa historia, Februari, na akaona Nakuru tusiachwe nyuma. Nikamuuliza, bosi, hiyo itamsaidia nini mtu wa Kivumbini? Akasema kujibu hilo ndiyo kazi yangu.

Khocha, wewe unaishi nao huko Filadelfia na kanisa unalosafisha ni lao. Nipe kitu. Sitaki wale mashujaa wakubwa, hao nawasoma kwa simu. Nataka kitu ambacho mama mboga akikisikia ataacha kukata sukuma. Na ufanye haraka, aki!

Ni mimi mpwa wako asiyejua kungoja,
Edinah

Filadelfia
27 Februari 2023

Mpwa wangu Edinah,

Barua yako imefika leo, siku moja kabla mwezi wenyewe haujaisha, na hii yangu itakukuta katikati ya Machi. Mwambie bosi wako historia haina haraka. Mama yako naye umwambie goti likipona si ruhusa ya kupanda ngazi kwa maringo. Mimi ni mzima. Baridi imelegea kidogo na chai ninapika mwenyewe, maana yao ni maji ya moto yaliyoonyeshwa majani.

Hapa kanisani kuna mama anaitwa Sue, miaka themanini na moja, kila Jumapili na kofia ya rangi yake. Juzi nilikuwa napiga deki kwenye chumba cha kumbukumbu akaniita nisome gazeti lililochakaa. Utumwa ulipoisha huku, mwaka wa 1865, watu walitoka mashambani wakajikuta hawana jamaa. Mama aliuzwa jimbo hili, mtoto jimbo lile. Anwani hakuna, na wengi hawakujua kusoma. Basi wakaenda kwa magazeti ya watu weusi wakatoa matangazo: namtafuta mama yangu, aliitwa hivi, alikuwa kwa bwana fulani, mara ya mwisho nilimwona mwaka fulani. Wakaomba wachungaji wasome mimbarini. Jumapili mchungaji akisimama kusoma, kanisa zima linatulia, kila mtu anasikiliza kama litatajwa jina lake. Walifanya hivyo zaidi ya miaka arobaini.

Mama wa nyanya yake Sue alimtafuta kaka yake hivyo, mwaka baada ya mwaka. Hakujibiwa. Mpaka leo ukoo wao ukikutana kila Julai, yule mdogo kuliko wote anasoma lile tangazo kwa sauti, ndipo chakula kinaguswa. Sue alinisomea. Alipomaliza nikarudia kupiga deki mahali ambapo nilikuwa nimeshapiga.

Sijui kama mama mboga ataacha sukuma. Mimi niliacha deki.

Wako wa damu,
Khocha Jerry

Section 58, Nakuru
3 Aprili 2023

KHOCHA!

Mama anakusalimia, goti ni zima, mvua imeanza, sote tunakula, haya, salamu zimeisha. Barua yako niliisoma hewani! Yote, isipokuwa goti la Mama. Simu ziliingia mpaka Zeddy, fundi wetu wa mitambo, akachomoa laini moja ati ipumue. Na hawakuwa wanauliza habari za Amerika. Walikuwa wanauliza, "Hata mimi naweza kutangaza mtu wangu?"

Nikakaa nikafikiria. Sisi huku mtu akifa tunamtangaza kabisa: mume wa fulani, baba ya fulani, mkwe wa fulani, hata mjukuu aliye Qatar anatajwa. Lakini aliyepotea akiwa hai hatumtangazi. Reli ilileta watu hapa kisha ikawatawanya, mashamba yakaajiri na kufukuza, halafu fujo za uchaguzi za 2008 zikamalizia. Kila nyumba ina mtu mmoja ambaye haulizwi. Wale watu wa Sue walikuwa wametoka utumwani, hawana kitu, na bado waliuliza. Sisi tuna redio tumenyamaza nayo. Kwa hivyo nimekibatiza kipindi Anatafutwa. Bosi Ephantus anaambia watu ni wazo lake. Mwache tu.

Juzi tulianza na Mzee Owuor, alikuwa gadi wa treni. Anamtafuta Micah, walikaa chumba kimoja kwenye nyumba za reli miaka tisa. Nimemaliza tu kusoma, simu hiyo kutoka Kabazi, sauti ya mwanamke: "Huyo si ni baba yangu! Ako hapa nje anakamua, ngojeni nimwite." Khocha, nililia kwa maiki. Wazee wenyewe wala! Salamu haijaisha wakaanza kubishana nani alivunja redio ya nani mwaka wa sabini na nane, Nakuru nzima ikisikiliza.

Sasa nakuuliza na wewe. Unamtafuta nani? Nilimuuliza Mama, akaacha kupepeta mchele, akasema, "Muulize mwenyewe mambo ya Keringet." Haya, nimeuliza.

Ni mimi, sauti imekauka kwa furaha,
Edinah

Filadelfia
26 Aprili 2023

Mpwa wangu,

Nimecheka na hao wazee mpaka jirani akagonga ukuta. Pongezi, tena pongezi. Nilimsomea Sue, naye anasema uwaambie watu wa Kabazi kwamba anawapenda hata bila kuwajua.

Hapa miti imechanua. Sue alivaa kofia ya zambarau Siku ya Pasaka, pana kiasi kwamba wa kiti cha nyuma hakuona mahubiri. Ana tabia moja, wote hapa wanayo: akikutana na wewe anakuuliza watu wako ni nani. Maana yake umetoka nyumba gani, nani anakujua. Kila wiki ananiuliza, na kila wiki namjibu kwamba watu wangu ni Wabukusu, baba alikuja Nakuru na reli. Anasema hajauliza hilo.

Mwambie mama yako apepete mchele bila maneno. Kuhusu swali lako, karatasi imeisha.

Khocha Jerry

Section 58, Nakuru
20 Mei 2023

Kwako Khocha,

Mama hajambo, viazi vimepanda bei, umeme unapotea na kurudi.

Karatasi haikuwa imeisha. Nimeipima na rula: nusu ukurasa mzima, mweupe pe.

Sikulazimishi. Kazi hii imenifunza adabu. Mwezi huu tumetangaza watu arobaini na mmoja, tisa wamepatikana, na mmoja, mama wa huko Molo, alipopatikana alisema hataki. Nikaheshimu. Anayetafutwa ana haki ya kukataa, na anayetafuta ana haki ya kuogopa. Hiyo nimejifunza sasa hivi nikiandika.

Lakini nimekuwekea fomu yetu humu ndani. Ukitaka ijaze, ukitaka futia nayo kioo cha kanisa.

Ni mimi nisiyeuliza tena,
Edinah

Filadelfia
19 Juni 2023

Mpwa wangu Edinah,

Natumaini nyumba nzima inapumua vizuri. Leo huku ni sikukuu. Siku kama ya leo, 1865, watumwa wa Teksasi waliambiwa kwamba wako huru. Amri ilikuwa imetolewa miaka miwili na nusu nyuma, lakini wao walikuwa bado wanalima, hawajaambiwa. Tumekula nyama choma, tukanywa kinywaji chekundu. Sue akaniangalia akasema, "Kaka Jerry, una uso wa mtu ambaye hajafikiwa na habari." Nikaenda nyumbani nikatoa fomu yako, nikarudi nayo kanisani.

Unajua nilikuwa karani wa posta kule Keringet. Jirani yangu alikuwa Mzee Kigen. Mke wake Linah, binti yao Jemutai. Januari 2008 vijana walipoanza kupita nyumba kwa nyumba wakitafuta sisi wa kuja, Mzee Kigen alinitia kwenye stoo yake ya viazi, akanifunika na magunia. Siku nne. Linah aliniletea maziwa lala ndani ya ndoo ya kulishia ng'ombe, ili mtu asishuku. Siku ya tano wakanipakia kwenye lori la kabeji. Sikumwambia kwaheri, maana nilikuwa chini ya kabeji na yeye anaongea na dereva kama hanijui. Lori lilipopanda mlima nikachungulia, nikaona moshi upande wa kwake. Kwenye kambi Nakuru mtu akaniambia, "Aliyekuficha wamemmaliza."

Sikuuliza tena. Nikiuliza nitajibiwa, na nikijibiwa basi nitakuwa nimemuua. Nimekuja mpaka Amerika bila kuuliza. Miaka kumi na tano, Edinah. Na huyu mama Sue, ambaye watu wake waliuliza miaka arobaini bila kujibiwa, ananifagilia chumba niketi nijaze fomu.

Nimejaza. Soma kama ilivyo. Halafu nakuomba: usinipigie simu. Nitajua kwa jinsi utakavyovuta pumzi. Habari mbaya iandike, nzuri pia iandike. Nitaifungua nikiwa nimeketi na Sue.

Khocha wako

Section 58, Nakuru
18 Julai 2023

Khocha Jerry, keti.

Umeketi? Sue ameketi?

YUKO HAI! Mzee Kigen yuko hai, ana meno yake, ana miwani mipya, na ananikasirikia mimi! Ooh Khocha, Mama amepiga vigelegele mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza ni harusi ya nani.

Sasa ngoja nikupe yote tangu mwanzo, maana nusura nimuue mwenyewe.

Jumamosi nimemaliza vifo, naingia kwenye Anatafutwa. Zeddy yuko na chapati mkononi, akasahau kuzima ule wimbo wa maombolezo. Nami ndani ya vipokea sauti sikuusikia. Na wewe, Khocha, ulivyoandika! "Mzee Kigen wa Keringet, mume wa Linah, baba ya Jemutai, jirani mwema aliyeishi karibu na posta." Hayo si ndiyo maneno ya msiba? Na sauti ni ya Edinah wa vifo, na wimbo unalia chini. Mwenye masikio atasema nini? Keringet nzima ikasema, "Uui, Kigen ameenda!" Kufika pale kwa "anatafutwa na rafiki yake", hakuna aliyekuwa anasikiliza tena. Walikuwa wameshaanza kutafuta viatu.

Mbaya zaidi, mzee alikuwa hayupo! Alikuwa ameshuka huku Nakuru kuchukua miwani, akalala kwa Jemutai, simu imezimika. Wakaunganisha wenyewe: amefia Nakuru. Linah, maskini, akaanguka chini. Jemutai wakipiga, simu haishiki. Mpaka Jumapili hema limesimamishwa, kuni zimepasuliwa, kwaya imevaa sare, na kamati imegawana nani atasema nini.

Saa sita mchana Mzee Kigen anashuka barabarani na miwani mipya, anaona kila kitu vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na kitu cha kwanza anachokiona ni hema kwake. Akamshika mama mmoja aliyebeba sufuria, akamuuliza kwa upole, "Pole jamani, nani amekufa?" Sufuria ilianguka, mama akakimbia, mpaka leo ndara moja haijapatikana.

Linah alipomwona alimkumbatia, halafu akampiga na leso, halafu akamkumbatia tena. Watu wakaanza kukunja hema. Mzee akakataa! Akaketi kwenye kiti cha mbele akasema, "Hapana. Someni yale mlitaka kusema. Nimekuja kusikia." Khocha, walisoma! Mwenyekiti alisoma akitokwa na jasho. Na walipofika mahali pa kusema alikuwa mkarimu, mzee akainua mkono akauliza, "Sasa wewe, ile jembe yangu utarudisha lini?"

Jana asubuhi akaja stesheni na fimbo. Bosi Ephantus alipata kazi ya ghafla huko nje. Mzee akasimama mlangoni akauliza, "Ni nani hapa aliniua?"

Nikasimama. Nikampa fomu. Akarekebisha miwani. Alisoma mstari wa kwanza tu. Akapitisha kidole juu ya maandishi yako, pole pole.

"Huu ni mkono wa karani," akasema. "Huyu ndiye aliniandikia barua zote. Lakini huyu alikufa. Tuliambiwa lile lori halikufika Molo."

Nikamwambia, "Mzee, ni mjomba wangu. Yuko Amerika, anasafisha kanisa. Na yeye aliambiwa wewe ndiye ulikufa. Aliona moshi."

"Moshi ilikuwa stoo. Walichoma viazi vyangu, sisi tulikuwa tumeshahamia kwa ndugu yangu." Akaketi. Akavua kofia akashika kichwa chake, hivi, kwa mikono yote miwili. "Msichana, mimi nilinyoa kichwa changu kumwomboleza. Mtu si wa damu yangu, na nilinyoa, mke wangu akanyoa, kwa sababu nilisema huyu nimemtoa stoo yangu kwenda kufa. Miaka kumi na tano nimesema hivyo."

Khocha, ni maneno yako yaleyale. Ninyi wawili mmekuwa mkiliana matanga na kila mmoja anakunywa chai! Nililia, mzee akalia, Zeddy akalia kwenye chapati.

Alipoinuka kwenda alikuwa amekunja uso tena. Nikauliza nimwambie nini mjomba. Akasema mti wako wa plamu uliouacha Keringet unazaa sana na wanakula bila kuomba, uje udai. Halafu akanielekezea fimbo, bila hata tone la utani usoni: "Na mwambie anirudishie nywele zangu."

Ni mimi, mwenye furaha mpaka kichwa kinauma,
Edinah

Filadelfia
12 Agosti 2023

Mpwa wangu Edinah, na dada yangu Eucabeth, maana najua unasoma juu ya bega lake,

Niliketi kama ulivyoniambia. Sue ndiye aliyeishika barua, nami nikimtafsiria sentensi kwa sentensi kutoka pembeni, mpaka pale kwa neno kubwa, nikashindwa. Akauliza, "Ni nini? Ni nini?" Nikamwambia yuko hai. Sue huyu hajawahi kuvua kofia mbele ya mtu. Aliivua, akaiweka mapajani, akasema, "Basi mmoja amejibu." Akalia kwa ajili ya mama wa nyanya yake, nami nikalia kwa ajili ya kabeji. Baadaye tulicheka ile ndara mpaka mchungaji akaja kuangalia.

Leo asubuhi nimeenda kwa kinyozi wa hapa mtaani. Jumamosi pale ni baraza: siasa, mpira, mke wa nani. Nikamwambia aninyoe nywele zote. Akashika mashine, akaniangalia kwenye kioo, akaona machozi, akaniuliza kwa heshima, "Nani amekufa?" Nikamwambia, "Hakuna. Hakuna aliyekufa!" Nikarudia kwa sauti kuliko nilivyokusudia. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu akasema Amina, na wote wakaitikia.

Edinah, unajua tulivyolelewa. Mama yetu alitufundisha nywele zikinyolewa zikusanywe mpaka ya mwisho, zichomwe, zisije zikaangukia mkono mbaya. Mimi ni mtu mzima na bado huwa nafagia mwenyewe chini ya kiti cha kinyozi. Leo pia nimefagia. Lakini sikuchoma.

Ziko kwenye hii bahasha ndogo. Usizitume kwa mtu. Panda mwenyewe mpaka Keringet, na ukifika umpe Mzee Kigen mkononi mwake, uso kwa uso, Linah akiwepo. Mwambie hizo ni za kuanzia, zimeingia mvi lakini ni zangu. Zingine zimeanza kuota, na ninazileta kichwani mwenyewe tarehe kumi na tatu Desemba. Tiketi ninayo.

Mwambie asile plamu zote.

Jerry wa posta